Kiti Kilichopandishwa Siku ya Jumatano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Gundi. Jina la kitambulisho afande ameliandika kwenye jalada, ila ukiniita hilo barabarani sigeuki.
Umri: Miaka hamsini na mbili.
Kazi: Mfunga vitabu katika karakana ya uchapaji.
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya karakana hiyo hiyo.
Uhusiano na mlalamikaji: Mama yake mdogo.
Siku: Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeahidi kusema kweli na nitaisema, ila naomba ieleweke kwamba nimevaa hivi kwa sababu leo saa tano tuna harusi. Si kawaida yangu kuja kituo cha polisi na kilemba cha dhahabu. Afande ameniambia nianze mwanzo, basi naanza.

Karakana yetu ina watu watatu. Kuna mwenye karakana, ambaye kwa urefu wake tunamwita Twiga, naye anaitika. Kuna mimi. Na kuna mtoto wa marehemu dada yangu, ndiye mlalamikaji, anayepanga kurasa kwenye kompyuta, nami namwita binti yangu. Watu watatu, kompyuta moja, kiti kimoja. Kiti kile kina kijiti pembeni cha kukipandisha na kukishusha. Mimi na binti yangu ni wafupi, kwa hiyo kiti hukaa chini siku zote. Twiga akikikalia hukipandisha, na tangu nimfahamu hajawahi kukirudisha. Hatujagombana naye juu ya jambo lolote kama juu ya kiti hicho.

Wateja wetu hutuma kazi kwa ujumbe. Kompyuta ina programu ya ujumbe, unaiunganisha na simu yako mara moja tu, halafu ujumbe wako wote unatokea kwenye kioo. Jumanne binti aliiunganisha na simu yake mwenyewe ili atoe picha ya kadi ya harusi yake. Alipomaliza akabonyeza alama ya kufunga dirisha, akaenda kunawa mikono. Sote tulikuwa tunafanya hivyo. Tulidhani dirisha likifungwa basi umetoka. Kumbe programu imejibanza tu pembeni ya kioo, pale karibu na saa, na yeyote akiifungua anakuta akaunti ya mwenzake iko wazi, hata kama simu yenyewe imezimwa.

Mnamo Jumatano, saa nane mchana, nilimpeleka binti kung'oa jino. Jino gani linachagua wiki ya harusi, mimi sijui. Simu yake ilikuwa imezimwa, iko ndani ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa mapajani mwangu muda wote. Aliyebaki karakana ni Twiga peke yake.

Jioni bwana harusi alikuja kwangu. Yeye ni fundi wa pampu za maji, kijana mkimya, na baada ya harusi anahamia mji mwingine kikazi pamoja na mkewe. Aliniamkia, nikaitikia, halafu akabaki kasimama mlangoni kashika simu kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Ingia mwanangu, kwani kuna msiba?" Akasema, "Sijui niuiteje, mama." Akanipa simu nisome. Ujumbe umetoka kwa binti yangu, saa tisa mchana ya siku hiyo. Ulisema hivi, na naomba uandikwe neno kwa neno:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea mazungumzo yetu kuhusu ndoa. Napenda kukujulisha kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, nimeamua kusitisha zoezi hilo hadi utakapotaarifiwa vinginevyo. Usinipigie. Nakutakia kazi njema."

Hapo juu hapakuwa na kichwa cha habari chochote.

Afande, nilicheka. Kijana wa watu analia nami nacheka, sikuweza kujizuia. Binti akatoka chumbani, shavu limevimba, mdomo una ganzi hata neno halitoki. Akasoma. Akachukua mto wa kochi akampiga nao bwana harusi kwa kosa la kuamini kwamba yeye anaweza kuandika vile. Halafu wakakaa chini wote wawili, wanacheka na machozi yanawatoka, yeye akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilifurahi mno. Nikajua Jumamosi ipo.

Binti akawasha simu yake, akaangalia mahali ambapo akaunti yake imefunguliwa. Pakatokea kompyuta ya karakana. Akaikata kutoka pale pale kwenye simu.

Alhamisi asubuhi nilifungua karakana nikaenda kukaa kwenye kompyuta. Miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la wakubwa. Twiga alipoingia nikamuuliza, "Bosi, nani alikaa hapa jana?" Akasema hakuna. Nikamwambia, "Basi kiti kimejipandisha chenyewe." Akatazama dari. Bwana wee, ile dari ilitazamwa siku hiyo. Binti akaweka simu mbele yake, ujumbe uko wazi. Twiga akasoma mpaka mwisho, akasema kwa sauti ndogo, "Lugha yake lakini imenyooka."

Kisha akakaa juu ya mafurushi ya karatasi. Alisema alikuwa anatafuta picha ya mteja, akafungua programu, akakuta akaunti ya binti. Akaona ujumbe wa bwana harusi kwamba nyumba huko wanakohamia imeshapatikana. Akasema shetani alimpitia. Nikamuuliza ni shetani gani huyo anayeandika barua rasmi. Akasema, "Ataondoka. Mimi nitabaki na nani?" Binti alikuja kufanya kazi kwake mara tu alipomaliza shule, hana baba, na Twiga ndiye aliyemfundisha kazi yote. Leo saa tano ndiye aliyepangwa kumshika mkono na kumkabidhi kwa mumewe.

Mimi nilitaka asikanyage harusini, na nilimwambia hivyo usoni. Binti akaja kutoa taarifa hapa siku hiyo hiyo. Aliniambia, "Mama mdogo, sitaki awekwe ndani. Leo kaandika kwa jina langu, kesho mtu mwingine ataandika kwa jina la mteja. Nataka iandikwe mahali, ili asisahau." Jana Ijumaa tukaibadilisha kompyuta. Sasa kila mmoja anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, ukiinuka kioo kinajifunga chenyewe, na programu ya ujumbe tunatoka kabisa ndipo tunafunga dirisha. Twiga mwenyewe ndiye aliyetoka na kuingia mbele yetu mpaka akaweza. Alitokwa jasho.

Binti amemsamehe. Amesema Twiga atamkabidhi kama ilivyopangwa, ila kwa sharti moja. Kile kiti tumekipeleka ukumbini, tumekishusha mpaka mwisho, kijiti nimekigandisha kwa gundi yangu mwenyewe, na ndicho atakachokalia mpaka keki ikatwe. Nimepita hapo asubuhi kukijaribu. Magoti yatamfika masikioni.

Haya ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyakalia mwenyewe, na sina la kuongeza isipokuwa honi hiyo inayolia nje ni yetu.

Saini ya shahidi: Mama Gundi

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, akayakubali, akasaini akiwa amesimama. Gari lililokuwa likipiga honi lilikuwa la mlalamikaji. Kwenye kiti cha mbele alikaa mtu mrefu mwenye suti, ameinamisha kichwa kwa sababu ya paa, na mlalamikaji alikuwa nyuma yake akimtengenezea kola. Nimealikwa. Kabla ya kuinuka nimegundua kwamba nimeyaandika maelezo haya yote ndani ya akaunti ya koplo wa zamu ya jana, ambayo aliiacha wazi. Nimemtoa, nimeingia kwa jina langu, nimeyaandika upya.