Safari ya Kung'oa Jino

Jumatatu, 4 Machi

Kaja mama na bintiye wa miaka kumi na mmoja. Binti kavaa kofia ya sufu, na joto lote hili! Nikamtania: kwenu kuna barafu? Hakucheka. Mama akaivua taratibu. Utosi mtupu. Anajing'oa nywele mwenyewe, mojamoja, tangu bibi yake afariki. Mdomo wangu huu!

Kazi yangu ni kuwafikisha watoto kwa daktari wa afya ya akili: fomu, foleni, simu. Mama, akiogopa macho ya watu, kauliza mlangoni kwa daktari pameandikwa nini. Baba mtu hataki kusikia, anasema mwanawe si kichaa. Nyumbani watasema wanakwenda kung'oa jino. Nikamwambia hata mimi ningedanganya hivyo hivyo.

Jumatano, 13 Machi

Nafasi imepatikana! Kuna mzazi kaghairi. Jumanne ijayo, saa nne asubuhi. Nimemganda daktari mpaka kaniita Kupe. Sawa, Kupe na niwe. Mama hana simu, hupita mwenyewe kila Ijumaa kuuliza. Natamani Ijumaa ifike.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwambia. Akalia. Nami nikalia, mtu mzima hovyo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeharibu.

Siku moja kabla huwa nawapigia wazazi wote kuwakumbusha. Mazoea tu. Nikapiga namba ya kwenye fomu, akapokea mwanamume. Nikamwaga yote kwa sauti yangu tamu ya ofisini: kesho saa nne, mtoto, daktari wa afya ya akili. Akauliza, kwa adabu kabisa:

"Dada, umesema daktari wa nini?"

Pembeni mwa fomu kuna maandishi ya penseli: *ya baba, usipige*. Mwandiko wangu mwenyewe! Majuto ni mjukuu, na leo kanikalia mapajani. Yule mama aliniamini mimi.

Jumanne, 19 Machi

Saa nne, benchi tupu. Na robo, tupu.

Saa nne na dakika ishirini — kofia! Peke yake, na sare ya shule, viatu vumbi tupu. Shikamoo yake haisikiki. Baba kamzuia mama kutoka. Mama kachungulia dirishani, kamwelekeza njia, kamwambia akifika aseme amekuja kwa ajili ya jino.

"Nimekuja kwa ajili ya jino," akasema. Akavua kofia mwenyewe, akaiweka mezani kwangu.

Daktari kachungulia. Zimebaki dakika arobaini, ila bila idhini ya mzazi haruhusiwi kumwona. Hata kwa simu inatosha, kasema. Mzazi yeyote.

Namba ni ile moja, ya baba.

Naandika ili mikono ipate shughuli. Mtoto kaniuliza kama itauma. Nimemwambia haiumi. Daktari kachungulia tena, kanionyesha saa. Simu ninayo mkononi, na kofia bado iko hapa mezani.