Mulima Ambao Telefone Haioni

Kibumba, tarehe 3 mars

Kwako mutoto wangu Gisèle,

Jambo sana. Huku tuko wazima. Mama yako anakohoa kidogo juu ya baridi, lakini kusema hajaacha. Ile picha yako ya kazi, na badge namba 14 ku shingo, ameitundika ku ukuta. Kila mugeni lazima aione. Na wewe, mwili unasema nini?

Nakuandikia na hasira, nisamehe mapema. Ulinitumia telefone ukasema: "Papa, siku hizi kampuni yetu njo inagawa mizigo. Bila telefone, chukudu yako itakufa njaa." Sawa. Nikaifunga ku usukani na kipande cha mpira, nikapakia viazi, nikashuka Goma. Gisèle, nilipita pikipiki, ile moto ya jirani yetu Cédrick! Telefone ikaandika: "Bravo."

Lakini chukudu ni mbao na magurudumu mawili tu, haina motere. Kurudi juu Kibumba na chumvi na sabuni za maduka ni kusukuma, kupumua, kusukuma tena. Telefone ikaandika: "Polepole sana. Alama moja." Kwani ku biro yenu hakuna mutu amewahi kuona mulima? Watoke inje waangalie!

Ni mimi, Papa yako.

Goma, tarehe 9 mars

Papa,

Salamu nyingi. Mama anywe tangawizi. Mimi niko muzima, ni macho tu inauma juu ya ekrani.

Ayi Papa, nawe! Ukianza kupanda, zima telefone! Machine haijui mulima, inajua saa na kilometa. Wenye moto wako na alama tano, njo wanapewa mizigo ya kwanza. Wenye chukudu wanaokota yenye kubakia. Si mimi niliipanga vile. Mimi nafunga tu namba za wabebaji zenye machine inaonyesha kama wadanganyifu, sitini kwa siku, majina hata sioni. Nivumilie, mukubwa wetu, patron Julien, ameniahidi cheo.

Mutoto wako, Gisèle.

Kibumba, tarehe 30 mars

Gisèle,

Tuko wazima.

Telefone sikuzima. Nizime kwa nini, nimeiba? Juma yenye ilipita tulipanda pamoja na muzee Kambere, na magoti yake unayajua. Nawe umekulia huku: mwenye nguvu anasukuma yake mbele, anaiacha, anarudi chini kusukuma ya mwenzake. Nilirudi mara tatu. Telefone ikaandika: "Unazunguka pahali pamoja. Udanganyifu. Namba imefungwa."

Mimi, mudanganyifu! Bila namba sipewi muzigo, sasa maduka yanapakia ku moto tu. Cédrick amenunua moto ya pili. Viazi vyangu vinaota ndani ya nyumba.

Maandishi ya chini ni madogo kwa macho yangu, Cédrick alinisomea ile maneno mpaka mwisho. Chini kabisa wameandika: "Imefungwa na ajenti 14." Nikaenda kuangalia picha ku ukuta. Mama yako sijamwambia.

Papa.

Goma, tarehe 4 avril

Papa wangu,

Sijui hata nisalimie namna gani. Ni mimi. Nilifinya tu kitufe, Papa, sikuona jina, na siku ile nilitaka kumaliza mapema. Nimeenda kwa patron, nimelia mbele yake. Anasema akifungua namba moja, chukudu zote zitaomba kufunguliwa. Kisha akanipa kile cheo, kwa sababu njo mimi nafunga nyingi kupita wote.

Nimekasirika na kila mutu, na mimi wa kwanza. Dimanche, siku ya misa, nakuja na moto. Unipigie kelele uso kwa uso.

Gisèle.

Kibumba, tarehe 7 avril

Gisèle mutoto wangu,

Mama yako sasa anajua. Alipiga kelele siku mbili, kisha akaanza kukupikia maharagi.

Moto usipande. Shuka ku gari pale Kibati, mulima unapoanzia, vaa viatu vya kutembea. Nitakungojea na chukudu, na chumvi juu. Wewe utasukuma upande wa kushoto, mimi wa kuume. Tukiifikisha juu, utarudi chini kusukuma ya muzee Kambere, mpaka na yeye afike.

Na telefone yako, nakuomba, iwashe njia yote, tuone nawe itakuita nani.

Papa yako.