Lori la Baba Lina AC

Koki,

Muthokoi iko kwa sufuria, ipashe moto. Nguo uanue kabla ya mvua. Mimi na mamako tumeenda Kitui na lori, ~~tutarudi kesho~~ tutarudi akitosheka.

Asubuhi nilipowasha ile AC niliyoongeza, lori likazimika, nawe ukacheka: "Baba, mkebe huu na AC wapi na wapi?" Iliniuma. Kumbe alternata ya zamani ilishindwa kuibeba. Fundi Nzivo ametufungia kubwa zaidi.

Tumezunguka Kaloleni yote madirisha yamefungwa, vumbi limebaki nje, na mamako hakukohoa hata kidogo. Unajua pumu ilivyomzuia kwenda kwao miaka hii yote. Aliponiambia, "Matheka, nipeleke nikamwone mama," sikungoja hata chai.

Sasa cheka vizuri.

Babako