Mtungi wa Klorini Trifloridi

Wewe, nakuandikia mbiombio kwenye simu, usinicheke nikikosea herufi.

Nilikuwa darasani nafundisha klorini trifloridi. Nimechora klorini katikati na bondi zake tatu za florini, halafu zile jozi mbili za elektroni zisizofunga bondi, zinazosukuma kila kitu mpaka umbo linakuwa kama T.

Nikajigamba! "Hiki kitu kinaunguza hata mchanga. Kikigusa maji kinalipuka. Shukuruni hamtakiona maishani."

Mama wa stoo alikuwa mlangoni, ameniletea chaki. Akauliza taratibu, "Mwalimu, ndiyo ile inayoandikwa C, l, F na tatu ndogo?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi ipo stoo. Mtungi aliouacha mwalimu aliyestaafu miaka sita iliyopita. Huwa naufuta vumbi kwa kitambaa kibichi."

Kitambaa kibichi!! Miaka sita!!

"Leo asubuhi ulikuwa unatoa moshi shingoni. Nikadhani ni joto, nikafungua dirisha."

Nikadhani ni joto, anasema.

Nimewatoa wanafunzi wote mpaka nje ya geti. Nikawapigia zimamoto, nikawaambia wasilete maji. Aliyepokea akacheka: "Dada, zimamoto tuje na nini sasa?"

Wamekuja na maji. Nimesimama mbele ya mpira wao nikipiga kelele kama mwendawazimu, mpaka mkuu wao akaniamini. Sasa wanaukunja, tunarudi nyuma wote.

Mvua imeanza kudondoka. Mama wa stoo amenishika mkono, ananinong'oneza: "Mwalimu, lile paa la stoo linavuja."