Kipa Aliyedaka Peke Yake

S.L.P. 2038,
Ilemela,
Mwanza.
14 Septemba 1997

Mpendwa kaka Nathaniel,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Uingereza haijakushinda na kazi zinakwenda. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na mgongo, lakini ukimkataza kwenda shamba ndiyo kwanza anachukua jembe.

Barua yako imefika, na nashukuru kwa kumuulizia mdogo wetu Mayala. Ule mguu aliovunjika kwenye mechi ya Magu umetolewa plasta, na sasa anatembea kwa magongo hadi mlangoni. Kinachonisumbua ni moyo wake. Kipa wa timu ya kiwanda, mtu aliyekuwa akisikika Nyakato yote akiwapanga mabeki, sasa anaweza kukaa kutwa bila kutamka neno.

Kompyuta uliyotuletea ilimsaidia sana mwanzoni. Wenzake wa timu walikuja kumpa pole, wakauona ule mchezo wa mpira uliomo, basi wakahamia hapa. Walicheza kwa zamu kama wako kiwandani. Mayala wakampa kazi yake ya siku zote, akae golini. Walimwachia vitufe viwili vya pembeni, na kila mpira ukija alivibonyeza kwa nguvu zote. Akidaka, sebule nzima inampongeza. Hata chakula alianza kumaliza.

Siku moja, mchezo ukiendelea, akashika magongo yake akaenda kunywa maji. Shuti likapigwa. Kipa akaruka, akadaka peke yake. Kaka, hakuna aliyecheka. Kumbe siku zote hizo kompyuta ndiyo iliyokuwa ikidaka, na sisi tunampigia mtu makofi. Khalidi, beki wake, alijifanya hajaona, lakini Mayala alikuwa ameona. Tangu hapo nimeifunika kwa kitambaa cha kufuma, na wenzake wamepunguza kuja. Iliniuma sana.

Kwa hiyo uliponiuliza ututumie mchezo upi kati ya ile miwili uliyoitaja, sikulichukulia kama jambo la watoto. Ule wenye picha za kupendeza achana nao, maana umesema mwenyewe kipa wake naye anajiendesha. Tuletee huo mwingine, ambao kipa anachezwa na mtu kweli, wachezaji wanachoka, na mvua ikinyesha mpira unateleza. Picha mbaya tumezizoea kwenye televisheni yetu.

Jambo moja tu liliniogopesha. Uliandika kwamba humo wachezaji wanavunjika na kukaa nje miezi, ila mtu akitaka anaweza kuyazima majeraha kabla ya kuanza. Nilipanga kuyazima kimyakimya, nisimtoneshe. Halafu nikaona si haki kumwamulia mtu mzima, nikamsomea barua yako yote.

Nilipomaliza akasema, "Usiyazime, dada. Nataka nimwone aliyeumia akirudi uwanjani."

Akajikongoja mwenyewe hadi mezani, akakiondoa kile kitambaa.

Nisalimie wifi Yasmin na watoto. Mama anakuombea kila asubuhi, Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu salama. Khalidi anakusalimu. Mayala naye anakusalimu, na safari hii sikumsemea mimi, kanituma kwa kinywa chake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wilhelmina