Miwani Iliyoanikwa Pamoja na Korosho

Jumatatu, 6 Oktoba
Machungwa kumi na saba leo. Jana kumi na mawili. Mkono wa kulia unawaka mpaka begani. Uwake tu.

Mazoezi ni yaleyale. Navaa miwani ya VR, sebule yangu ya Lionja inapotea, najikuta kwenye shamba la machungwa ambalo halipo. Nanyoosha mkono, nabana kishikio, chungwa linachumika. Nisipobana kwa nguvu haling'oki. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali Nachingwea ndiye aliyeniambia niitafute miwani hii, baada ya kiharusi. Alisema miezi hii ya mwanzo vidole vikizembea vitajikunja na kubaki hivyo. Kuandika humu pia ni agizo lake. Mwandiko kama kuku kapita. Mimi fundi cherehani! Bila mkono huu mimi ni nani? Basi, umechoka.

Jumatano, 8 Oktoba
Wifi kaiua miwani.

Zuhura, dada wa marehemu mume wangu, naishi naye. Kaona imeloa jasho langu. Kaifuta, kaitoa nje uani, kaianika kwenye turubai pamoja na korosho. Vioo juu, eti ikauke vizuri. Nia njema kabisa. Kwetu kila kitu huanikwa: ufuta, mihogo, magodoro. Jua likapenya kwenye vile vioo likaunguza ndani. Nimeivaa jioni: doa jeusi katikati, mistari kila upande. Hakuna chungwa hata moja. Nimemwita majina ambayo siyaandiki.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hatusemeshani. Anapika, nakula. Vidole vimeamka vimekaza. Naogopa. Haya, nimeliandika.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimempigia Saidi, mwenye duka la simu Ruangwa aliyeniuzia. Nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya choo, ndiko mtandao uliko. Anasema za zamani hauzi tena. Imetoka mpya, bora mara mia. Kesho naenda huko huko. Zuhura kasema tunaenda wote. Sijamjibu, ila sijamkataza.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ruangwa. Nimeijaribu hiyo mpya. Nzuri, sisemi uongo. Picha safi, nyepesi kichwani. Lakini haina vishikio. Inaiona mikono yako yenyewe, unachezesha vidole hewani, basi. Saidi anajisifu: "Mama, hushiki kitu chochote!" Nikamwambia kushika ndiyo dawa yangu. Tena kila ukiiwasha inataka intaneti. Sasa mimi nivae miwani nipande kichuguu? Zuhura akaangua kicheko. Nikajikuta nacheka naye, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Kumbe za zamani anazo! Tatu, zimo kwenye boksi, zimepigwa tepu, Jumatatu zinarudishwa kwa tajiri wake wa Dar, anayempa mzigo. Tajiri anasema zikikaa pamoja, watu watakimbilia ya zamani na mpya itadoda. Upuuzi. Mimi nikileta kitenge kipya situpi kaniki. Wa kitenge atachukua kitenge, wa kwenda shamba atataka kaniki yake. Mpya auze, nani kamzuia? Ila asiniondolee yangu. Saidi akatikisa kichwa. Amri ya tajiri. Machozi yakanilenga, nikazidi kukasirika kwa sababu yamenilenga.

Mara Zuhura akapiga ukelele. Miwani mpya ya maonyesho iliwekwa kwenye meza ya dirishani, vioo vinatazama nje, na jua la saa nane lilikuwa limeshapanda ukingo wa meza, linaisogelea. "We kaka, itaungua hiyo!" Saidi hakuelewa. Zuhura akatoa ile yetu iliyoungua, tuliyokuja nayo mfukoni, akamvalisha kwa nguvu. Saidi akaliona doa. Lo! Aliruka kama kakanyaga siafu, akaidaka ya kwake. Nzima.

Akakaa kitini. Akatutazama, wanawake wawili wa Lionja na mfuko wetu wa rambo. Kisha akachukua kisu akachana tepu ya boksi. Na tajiri? Ataongea naye mwenyewe, kasema.

Nimelipa kwa hela ya ufuta. Kwenye gari nimemwambia Zuhura: umeua moja, umeokoa moja. Kasema basi tumalize hapo. Tumemaliza. Alhamdulillahi, kifua chepesi. Nimesinzia njia nzima begani kwake.

Jumapili, 12 Oktoba
Machungwa tisa. Nimerudi nyuma. Sijali.
Zuhura kashona kifuko cha kitambaa cha kuhifadhia miwani. Mshono umepinda. Nimenyamaza, na si kazi ndogo kwangu.

Jumatano, 22 Oktoba
Saidi kapiga simu. Mpya kaiweka rafu ya juu, zile mbili za zamani rafu ya chini, zote zinatazama ukuta. Moja ya zamani kachukua mwalimu wa Mandawa, mtandao kwake ni shida kama kwangu. Mpya nayo imenunuliwa, siku hiyohiyo, na mtu wa mjini. Tajiri alifoka, akaona mauzo, akatulia. Nilijua. Sikusema "nilikwambia". Nimesema mara moja tu.

Machungwa ishirini na sita.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mchana ugali na kisamvu. Zuhura kaweka kijiko mbele yangu kama kawaida. Tangu niugue nakula nacho, kwa mkono wa kushoto, nimegeukia ukutani kwa aibu. Leo sijakigusa. Nimenawa, nimemega kwa mkono wa kulia. Tonge la kwanza limedondoka. La pili limefika.

Zuhura kaona. Kakichukua kijiko, kaenda kukiosha, nacho kilikuwa kisafi.