Kidonge cha Saa Moja

Wanangu,

Tangu Jumanne ile baba yenu alipoangukia cherehani asiamke tena, simu yangu bado inalia saa moja asubuhi, saa ya dawa yake. Leo nimeweka kidonge kwenye kisosi, nikamwita aje anywe. Ndipo nikakumbuka.

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma ufungeni kwa komeo.

~~Vidonge vilivyobaki vitupeni.~~ Msivitafute, nimevichukua. Navirudisha kliniki mwenyewe.

Niliwaambia baba alisahau dawa siku ile. Hakusahau. Alinibembeleza: "Mama Watoto, hicho kidonge kinanisinzisha, nitamshonea mtu suti yenye mkono mmoja mrefu kama wa nyani. Niachie leo tu." Nikacheka, nikakirudisha kwenye kopo. Miezi minne hakuwa ameanguka, nikadhani kifafa kimeondoka, kumbe uvimbe uliokileta ulikuwa bado umo kichwani. Daktari alishatuonya: kinachomtuliza ni dawa, msiikatize hata siku moja. Nilimsikia vizuri kabisa. Nisameheni.

Mwenye suti atakuja saa tisa. Mpeni kama ilivyo. Mkono wa kushoto bado haujashonwa.

Mama yenu